Simulia Kwanza, Ndipo Nikupe Nyingine

Wifi yangu ana duka la filamu, na ni nadra mtu kutoka mle na filamu aliyoifuata. Unaingia ukitaka ya ngumi, unatoka na ya wazee wawili wanaopendana, na kesho yake unarudi umevimba macho kwa kulia, unataka nyingine. Nayajua haya kwa sababu tunagawana ukuta. Upande wangu ni saluni, upande wake kuna kompyuta moja, viti viwili, na rafu za makasha ya zamani yasiyo na kitu ndani. Siku hizi filamu zote zimo kwenye kompyuta. Mteja analeta flashi yake, anawekewa, anaondoka.

Mwanzoni nilimwona mjuaji. Kaka yangu alipomuoa, miaka mitatu iliyopita, nilijisemea kwamba mdomo wa huyu mwanamke utamponza. Mteja akimwambia anataka filamu, yeye haulizi ipi. Anauliza utaangalia na nani. Anauliza leo umechoka mwili au umechoka watu. Mlinzi wa benki alikuja kutaka za vita, akampa kichekesho cha bwana harusi aliyepoteza suruali, akamwambia mtu aliyeshinda na bunduki kutwa nzima hana haja ya kwenda kulala nayo. Fundi seremala na mkewe, ambao hawajawahi kukubaliana hata rangi ya pazia, aliwapa ya upelelezi. Kwa kuwa kubishana watabishana tu, alisema, heri wabishane muuaji ni nani.

Siku aliyompa muuguzi filamu ya kutisha, ya nyumba yenye mizimu, nilimwuliza kama ana akili timamu. Yule dada alikuwa ametoka zamu, miguu imevimba, anataka kupumzika. Wifi akanijibu kwamba muuguzi kila siku anaogopa kwa ajili ya watu wengine, basi aachwe saa mbili aogope kwa ajili yake mwenyewe, tena aogope kitu ambacho hakipo. Kesho yake muuguzi alikuja mbio kuuliza sehemu ya pili.

Lakini ana sharti moja ambalo halina mjomba wala shangazi. Hupewi filamu ya pili mpaka umesimulia ya kwanza. Si yote, anataka ile sehemu uliyoondoka nayo moyoni. Mtu anasimama pale mlangoni na flashi yake mkononi, anaanza kusimulia kwa aibu, mara anachangamka, mara anasahau kwamba ana haraka. Wifi anasikiliza, mkono shavuni, na humo ndimo anamojua ampe nini. Wateja wakamwita Daktari. Na mimi nilimwita Daktari, ila kwa sauti yangu ya kejeli.

Sasa nije kwa baba. Baba ni fundi saa, na nyumba yake iko nyuma ya maduka yetu, anakaa humo peke yake tangu mama alipofariki. Miaka mitatu iliyopita alikunja kitambaa chake cha kazi, akafunga meza yake, akasema watu hawavai saa tena, wanatazama simu. Tukamwamini, maana ni kweli. Kisha akaacha kwenda barazani kwa wenzake. Akaacha kusoma gazeti, akasema habari ni zilezile. Akawa anashinda kitandani ameelekea ukutani. Mwaka huu alijiunguza mkono na birika, na siku nyingine nikamkuta amefunga vifungo vya shati upande upande, chai imemwagika mezani, naye amekaa tu.

Nikampigia simu kaka yetu mkubwa anayeishi mji mwingine. Kaka mkubwa ni mtu mwema, lakini akishakata shauri haambiliki. Alisema baba amekata tamaa, na mzee aliyekata tamaa haachwi peke yake. Mwisho wa mwezi angekuja kumchukua akaishi kwake, ghorofa ya tatu, na chumba kilikuwa kinatayarishwa. Baba aliposikia alisema neno moja tu. "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii. Mkinitoa humu, mmeniua."

Hakuna aliyelala vizuri siku hizo. Nilijua akienda kule hatamaliza mwaka, na nilijua akibaki vile atajichoma moto. Ndipo wifi yangu akasema tumpe wiki tatu. Alisema baba amepoteza hamu tu, na hamu ina namna ya kurudi, naye atamtafutia filamu ya kumwamsha. Nilicheka, na sikucheka vizuri. Nilimwuliza kama anadhani baba yetu ni mteja.

Hakunijibu. Baadaye nilijua kwa nini alinyamaza. Mwenyewe alikuwa na donge lake rohoni, kwamba baba mkwe hakumpenda tangu mwanzo. Alikuwa akimpungia mkono ng'ambo ya barabara, baba anapita kama hajapungiwa na mtu. Akizungumza naye, baba anatazama pembeni ya kichwa chake, hamtazami usoni hata mara moja. Aliponieleza nilimwambia baba ndivyo alivyo. Moyoni nilidhani kweli hampendi, na niseme tu bila kuficha, nilifurahi kidogo.

Basi akahamishia televisheni yao chumbani kwa baba, akaiweka miguuni pa kitanda. Kila siku saa nane mchana, wateja wanapokuwa wachache, anafunga duka, anamwekea filamu, anarudi kazini. Saa kumi mimi napeleka chai, yeye anakaa kwenye kigoda kusikiliza. Ya kwanza ilikuwa ya watu wa farasi na bastola, ambayo wazee wote wa mtaa wanaiabudu. "Upuuzi," alisema baba. "Watu wananyamaza tu, farasi wanakimbia, halafu mlio." Siku ya pili akapewa ya vita vya zamani. Baba akasema ni kelele. Siku ya tatu akapewa kichekesho cha mhudumu wa hoteli asiyesema neno, anayeteleza na masinia, ile iliyomfanya mume wangu aanguke kwenye kiti. Baba alilala usingizi. Wiki ikaisha, wifi akaambulia patupu.

Wiki ya pili, akiwa amekaribia kukata tamaa naye, alimwekea kesi ya mahakamani, bibi mmoja anamshtaki jirani yake kwa sababu ya ukuta. Saa kumi nilipoingia na chai nilimkuta baba ameketi. Ameketi, tena ana hasira. Akatusimulia kesi nzima tangu mwanzo, akiigiza sauti ya wakili, akimtetea yule bibi, akisema jirani ni mwongo wa kutupwa. Sikuwa nimemsikia baba akisema maneno mengi hivyo tangu msiba wa mama. Nilitoka nje nikalia karibu na pipa la maji, na wifi akanifuata akinitikisa bega na kusema, si unaona, baba ni mtu wa mahakamani.

Akampa kesi nyingine. Hiyo nayo baba aliisimulia vizuri, isipokuwa alisema jaji alikuwa jitu pande la mtu. Wifi aliniambia baadaye kwamba jaji wa filamu ile ni kijitu chembamba, ila kina sauti nzito. Tukasema labda baba anatia chumvi, kama kawaida ya watu wakinogewa. Mimi nikasahau. Yeye hakusahau, maana usiku wa siku ile mumewe anasema alikuwa anageukageuka.

Kesho yake hakumwekea kesi. Alimwekea filamu moja ya mama na mwanawe aliyepotea, ambayo kwa miaka mitatu ameitoa kwa watu kama hamsini. Mwisho wake hauna maneno. Yule mama anapokea barua, anaisoma, tunasikia sauti ya mwanawe ndani ya barua, kisha anainuka taratibu, anakwenda kabatini, na anapanga mezani sahani mbili badala ya moja. Basi, imekwisha. Watu wote hamsini waliporudi walimsimulia sahani. Mlinzi wa benki alisimulia sahani. Muuguzi alisimulia sahani akashindwa kumaliza.

Saa kumi wifi alikaa kwenye kigoda chake. Mimi nilisimama na birika.

"Simulia, baba," alisema.

Baba akasimulia. Alisimulia mtoto alivyogombana na mamaye, safari, barua, maneno yote ya barua hakuacha hata moja. "Halafu muziki," alisema. "Halafu kimya. Ikaisha. Sijapenda, wamemwacha yule mama vilevile."

"Na sahani, baba?"

"Sahani zipi?"

Wifi akainuka bila kishindo, akaketi kitandani karibu naye, akauweka uso wake mbele ya uso wa baba kabisa.

"Baba," alisema polepole, "unaniona?"

Nilitaka kumkemea, swali gani hilo. Lakini baba hakushangaa. Mabega yake yalishuka, akapapasa shuka na vidole vyake vile virefu vya fundi.

"Naona mwanga," alisema. "Na naona kama kuna mtu nyuma ya pazia. Ukisema, najua ni wewe."

"Tangu lini?"

"Ilianza kabla hamjaoana. Skrubu zikawa zinanipotea."

Niliweka birika chini kabla halijaniponyoka. Baba akatuambia yote, bila kuulizwa tena, kama mtu aliyechoka kubeba. Aliharibu saa mbili za watu, ndipo akafunga meza akasingizia simu. Barazani aliacha kwenda baada ya kujikwaa mbele za watu mara mbili. Alificha kwa sababu alijua siku tutakayojua ndiyo siku tutakayomhamisha, na humu ndani anajua kila hatua, mlango uko wapi na ukuta uko wapi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba aliumbuliwa na sahani mbili.

Wifi alijishika kichwa. Alisema amekuwa akimpa dawa ya moyo siku zote hizi, na mgonjwa anaumwa macho. Alijilaumu mpaka nikamwambia anyamaze, maana aliyestahili lawama ni mimi. Mimi ndiye ninayemnyoa baba kila mwezi. Nimesimama mbele ya uso wake na mkasi, nimemgeuza kidevu kulia na kushoto, nimempulizia nywele machoni, na sikuona. Mgeni wa juzi, mwenye duka la filamu, ndiye aliyeona, tena kwa kusikiliza tu. Nilimwomba msamaha palepale, kwa yale niliyomwambia na yale niliyowaza. Akanifuta machozi kwa kanga yake, akasema wifi usilie kwenye chai.

Hospitali ya macho daktari alimulika taa yake ndogo, jicho moja, jicho la pili, akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa kote kuwili, na hii kwao ni kazi ya kila siku. Angeanza na jicho la kulia. Tulipompigia kaka mkubwa alisema sawa, ila mpango hajaufuta. Jicho likifunguka, tutazungumza. Lisipofunguka, baba anaondoka naye. Alikuja siku mbili kabla ya mwezi kuisha, na begi tupu la kuwekea nguo za baba, na nililichukia begi lile kama mtu.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji tulikuwa wanne chumbani, kaka mkubwa, mume wa wifi, wifi na mimi, tumejipanga ukutani. Baba alikaa kwenye kiti, mikono magotini. Muuguzi akabandua plasta, akatoa pamba. Baba alifumba kwanza. Daktari akamwambia afumbue taratibu, akainua vidole, akauliza ni vingapi.

"Vitatu," alisema baba. "Na kioo cha saa yako kina ufa. Maji yataingia."

Daktari alitazama mkono wake, akacheka. Sisi hatukuweza kucheka bado. Baba akanigeukia, akanitazama juu mpaka chini, akasema msusi mzima nina mvi namna ile, kwani rangi imekwisha dukani? Kisha akamtazama kaka mkubwa kwa muda.

"Umenenepa," alimwambia. "Begi la nini hilo?"

Kaka mkubwa alilitazama begi kama aliyekamatwa nalo. Alisema si la kitu, baba. Halafu akalisukuma nyuma ya mlango kwa mguu, akatoa simu, akampigia mkewe palepale, akamwambia kile chumba awape watoto wakisomee. Alipomaliza alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati, yeye asiyeambilika.

Wifi yangu alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na dirisha. Siku hiyo hakuwa amesema hata neno moja. Baba alimwona, macho yakapita, kisha yakarudi. Alimtazama kama anavyotazama saa iliyofunguliwa, polepole, kipande kwa kipande, paji la uso, pua, kovu dogo la kidevuni. Mimi nikaanza kuelewa.

"Sema kitu," baba alimwambia.

"Niseme nini, baba?"

Aliposikia sauti, uso wake wote ulifunguka. Alinyoosha mikono yote miwili, na wifi akaja, akapiga magoti mbele ya kiti. Baba akamshika mashavu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Miaka mitatu uko nyumbani kwangu, na sijakukaribisha usoni. Karibu, mwanangu."