Barafu ya Shingoni

Zamani joto la bonde la mto Magdalena, huku kwetu Kolombia, likimwambia mwendesha baiskeli apunguze mwendo, alitii; siku hizi timu zinaliziba mdomo kwa barafu. Mchuaji misuli wa timu yetu alijaza barafu kwenye soksi za nailoni za mkewe, akakaza fundo kwa meno, akamvisha kila kijana shingoni. "Pokea, mwanangu, usideke kama bibi harusi." Mikono yake ilinuka kafuri hata siku za mapumziko.

Siku ile ya mashindano, kwenye mlima wa kutoka mji wa Honda, lami ikinata, Eliécer, mmoja wa vijana wetu, alitokea peke yake mbele ya wote, akicheka. "Mzee, leo sichoki. Kama nateremka vile."

Mchuaji akakimbia kando yake kumbadilishia soksi. Shingo ilikuwa baridi. Mkono ukashuka mgongoni: mgongo mkavu, hauna tone la jasho, unawaka kama kikaango.

"Shuka."

"Nishuke naongoza? Umechanganyikiwa?"

Akaanguka hapohapo, bado anatabasamu. Mchuaji peke yake ndiye aliyemrukia.

Mara ya mwisho nilipomwona mchuaji, alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, akimmwagia kijana maji kifuani na kumbembeleza: "Sema umechoka, mwanangu. Sema tu umechoka."