Makochi Nje, Mkeka Ndani

Mara mbili walinilaza kwenye kitanda cha upasuaji, na mara mbili wakaniteremsha. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, la kushoto lilikuwa linafuata, na mimi ni fundi cherehani pale Uyole, ninayeishi kwa sare za shule. Tundu la sindano nilikuwa nalipata kwa kubahatisha. Lakini kila muuguzi aliponifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, presha ilipanda kama imeitwa. Kwenye duka la dawa la jirani ilikuwa inasoma vizuri. Hospitalini, hapana.

Daktari alikuwa kijana mpole, na upole wake ulinikera. Alisema hawezi kugusa jicho la mtu mwenye presha ile. Alinipa mwezi mmoja. Nikirudi vilevile ananiondoa kwenye orodha mpaka mwakani, na kwa fundi wa sare hiyo maana yake ni kwamba Januari itanikuta barazani napapasa vifungo.

"Dawa unameza vizuri, mama," alisema. "Tatizo hujui kutulia. Jifunze kutulia."

Nilitaka kumuuliza huko kutulia kunauzwa duka gani.

Mdogo wangu wa kike, anayeishi Iringa mjini, ndiye aliyelijua duka lenyewe. Kulikuwa na sista mmoja mzee, Mbena, muuguzi mstaafu, aliyekuwa akiwafundisha watu wa presha kutafakari, yaani kukaa kimya na kutulia. Mimi ni Mlutheri, nikadhani nitapewa rozari. Sikupewa hata hiyo. Baada ya salamu ya "kamwene" na chai ya rangi, Sista alinikalisha kwenye mkeka, mgongo wima, marufuku kuegemea kitu, akaniambia nifumbe macho nifuate pumzi ikiingia na kutoka. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Nilikuwa nimepanda basi kutoka Mbeya mpaka Iringa kwenda kufundishwa kupumua, kazi niliyoifanya zaidi ya miaka hamsini bila mwalimu.

Dakika ya pili pua ikaanza kuwasha. Sista, ambaye nadhani alikuwa akichungulia, akasema nisijikune. Dakika ya tano wakaja siafu. Walianzia kisigino cha kushoto wakapanda chini ya ngozi, kwa mstari, bila haraka, mpaka gotini. Nikafumbua macho nikapandisha gauni mbele ya mtawa nikiwatafuta. Hapakuwa na siafu hata mmoja.

"Ni kawaida, mama," alisema. "Waache wapite."

Hiyo "ni kawaida" niliisikia siku tatu mfululizo. Kichwa kilivimba nikahisi nimebeba boga shingoni. Ni kawaida. Mikono ilipotea kabisa, nikawa sijui ya kwangu iko wapi, mpaka nikatikisa vidole kuhakikisha. Ni kawaida. Nilijiona nimelalia upande kama cherehani iliyovunjika mguu, nikifumbua macho niko wima. Siku ya tatu moyo ulihamia sikioni ukaanza kutwanga. Nikamuuliza Sista kama kuna kitu chochote duniani kisichokuwa cha kawaida. Alilifikiria swali kwa dhati, akasema ndiyo, maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, hayo nikiyapata nikimbie hospitali. Basi, nikarudi Uyole na siafu wangu.

Agizo lilikuwa dakika ishirini kila siku. Nilichagua saa kumi alasiri, nikishamaliza kukata vitambaa, mlango nimeuacha nusu wazi ili hewa ipite. Nje malori yanakoroma barabarani, ndani mimi nakoroma kwa hasira. Sikujua kwamba mwili wa mtu unaweza kuwa na utovu wa nidhamu kiasi kile. Mguu wa kulia ulianza kukanyaga wenyewe, juu, chini, juu, chini, unashona sketi isiyokuwepo. Niliushika kwa mikono miwili. Nikiuachia, unaendelea na pindo. Siku ya nne uliipiga teke meza ya kioo, glasi mbili zikavunjika, na mimi nikasema maneno ambayo Sista asingeyaita ya kawaida.

Kisha mambo yakaharibika zaidi. Kila nilipokaribia kutulia, kweli kutulia, mwili ulishtuka kama mtu aliyekosa ngazi, na moyo ukaanza upya. Kooni kikakaa kitu cha moto, kama kiazi kilichomezwa bila kupoa, hakishuki wala hakitoki. Halafu machozi. Yalitiririka tu, shavuni, shingoni, kwenye ukosi. Nikaogopa kwamba jicho ndilo linaharibika, nikampigia simu Sista.

"Ni kawaida, mama."

"Sista, mimi silii. Macho yanatoa maji tu."

"Nani amesema unalia?" akauliza, na mimi nikakata simu nikisingizia mteja.

Wiki mbili zilikuwa zimebaki. Niliamua kwamba kama kazi hii ina siri, siri ni ukaidi, na ukaidi ninao wa kutosha. Kwa sababu ya mguu wangu ule, niliisukuma meza ya kioo nje. Makochi nayo yalikuwa yameniziba, na kila nikikaa karibu nayo mgongo unayaegemea wenyewe, kwa hiyo niliyaburuta yote mpaka barazani. Nikatandika mkeka katikati ya sebule tupu. Baridi la Mbeya la mwezi wa saba si la mchezo, nikajifunika khanga kichwani mpaka mabegani. Nikafumba macho.

Siafu wakaja, nikawaacha. Kichwa kikavimba, nikakiacha kivimbe. Machozi yakaanza, nikayaacha. Nilijisikia nimeanza kuwa hodari. Kisha nikasikia kama viatu vinavuliwa mlangoni. Ni kawaida, nikajiambia, acha vipite. Ubavu wa kushoto ukapata joto, kana kwamba mtu amekaa karibu. Hilo lilikuwa jipya, lakini nikaliacha nalo. Nikasikia mtu anavuta makamasi. Nikasikia harufu ya kuni. Kitu kizito kikatua gotini pangu, kina vidole vitano, nikajisifu moyoni kwamba sasa nimefika mbali, Sista akisikia atafurahi.

Simu ikalia, dakika ishirini zimekwisha. Nikafumbua macho. Mkekani walikuwa wamekaa wanawake sita, miguu wameinyoosha, khanga kichwani. Mkono wa gotini ulikuwa wa jirani yangu, mama wa Kinyakyusa ambaye hajawahi kuchelewa msiba wowote Uyole. Uani moto ulikuwa umeshawaka kwenye mafiga, sufuria langu kubwa liko juu, na wanaume wawili walikuwa wamekalia makochi yangu barazani, wanazungumza kwa sauti ya chini.

Walikuwa hawajakosea hata kidogo. Makochi yametolewa nje, mkeka uko ndani, mwenye nyumba amekaa chini kimya na khanga kichwani, machozi yanamtoka. Huku kwetu hiyo haihitaji tangazo.

"Pole, fundi," jirani alisema. "Ni nani?"

Nilikuwa nimechukia. Maneno ya kuwafukuza niliyapanga yote, kuanzia na swali la nani amewaruhusu kuchota unga wangu. Nikafungua mdomo kusema hakuna, hakuna aliyekufa, nendeni makwenu.

"Mama," nikasema.

Wakatazamana. Jirani alimjua mama yangu, na mwaka jana alisafiri na wenzake mpaka kijijini kwetu Iringa kumzika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mama yako si tulishamzika, fundi?"

"Ninyi mlimzika," nikasema. "Mimi nilikuwa jikoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ni kifungua mimba. Siku mama alipofariki, kabla sijakaa, mjomba alinikabidhi funguo za stoo. Nikapima maharage, nikagawa unga, nikagombana na wapishi juu ya mafuta, siku tatu sijakalia mkeka hata dakika tano. Jeneza lilipokuwa linatoka, wali wa wageni wa kanisani ulikuwa unashika chini. Nikasema tangulieni, nakuja. Nilipofika, mashada yalikuwa yameshawekwa na watu wanakung'uta udongo kwenye viatu. Kila mtu alinisifu, akasema msiba umesimama kwa sababu yangu. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, niliona fahari.

Jirani alivuta khanga yake, akajiweka sawa pale mkekani kama mtu aliyefika msibani kwa wakati, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Hapo kile kiazi cha kooni kikatoka. Sikulia kwa ustaarabu. Nililia kwa sauti, na makamasi, mwanamke mzima, saa kumi na moja ya jioni, na wale wanaume wa barazani wakavua kofia kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa mwaka jana. Kisha tukala ugali wa unga wangu. Wakati wa kuondoka mmoja wao akaniuliza kama sketi ya binti yake iko tayari.

Sitadai kwamba nilipona hasira. Mwezi ulipotimia nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiwa na kinyongo kilekile na daktari yuleyule. Siafu walifika kabla ya muuguzi. Pua iliwasha, moyo ukatwanga sikioni, nikaviacha vyote vifanye vinavyotaka, nikamwazia mama. Muuguzi alifunga kile kitambaa, akasoma, akafunga tena, akasoma tena. Daktari alitabasamu kana kwamba presha ile aliishusha yeye. Nilimwachia sifa hiyo, maana alikuwa ameshika kisu.

Bandeji ilipotoka, kitu cha kwanza nilichoona vizuri ni kazi zangu mwenyewe. Mapindo yamekwenda upande, vifungo havilingani, na wateja walikuwa wamevaa nyingine kama zile bila kunung'unika. Walikuwa wakinihurumia. Hilo liliniudhi kuliko siafu wote, nikafumua sketi kumi na moja zilizokuwa hazijachukuliwa, kabla ya chakula cha mchana.

Wiki kadhaa baadaye, daktari aliponiruhusu kuinama na kubeba vitu, nilifungua simu. Mdogo wangu alikuwa amenitumia picha za msiba tangu mwaka ule, nami sikuwahi kuona chochote zaidi ya ukungu wenye rangi. Nikazipitia moja moja, nikijitafuta. Kaburini sipo. Kwenye mashada mdogo wangu yupo mara mbili, jirani yangu yupo, hata daktari wa mifugo wa kijiji yupo. Mimi nilikuwa kwenye picha moja tu, nyuma kabisa, kwenye moshi. Ni mgongo wa mwanamke aliyeinamia sufuria, mwiko mkononi. Nilimtambua kwa gauni, kwa sababu nililishona mimi.

Nikaweka simu chini. Nikatoa makochi nje, nikatandika mkeka, na mlango nikauacha wazi.