Pa Kuweka Kikombe

Wendell Hrabak alikuwa mtu wa Toledo, Ohio, mji ambao nusu ya wanaume wake waliunda magari na nusu nyingine waliyauza, na yeye akaamua kuuza yale ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaunda. Jeshi ndilo lililomharibu. Lilimpeleka Ufaransa akiwa kijana, na huko akapakiwa katika kigari cha Sorvane, gari la Kifaransa, kikapanda mlima, kona baada ya kona, bila kuyumba. Akashuka amelewa mapenzi. Akarudi kwao, ambako barabara zimenyooka mpaka dereva anasinzia, akafungua yadi ya kuuza magari hodari wa kukata kona.

Shemeji yake Duane, fundi wa kiwanda cha malori, hakuacha kumchokoza. Kila Jumapili walipokutana kula kuku wa kukaanga, alimuuliza kama Wafaransa wameshamletea milima. Wendell alijichukulia paja jingine la kuku. Kichwa kilikuwa kimemvimba bwana yule, tuseme ukweli. Kahawa aliinywa mezani, kwa kikombe cha udongo, na majirani zake waliokula na kunywa huku wanaendesha aliwaona watu wasiofunzwa kwao.

Mwaka 1988 mambo yakaharibika. Sorvane zilikuwa haziuziki, si Toledo tu bali Marekani nzima, na makao makuu ya kampuni yakasema yatamtuma mtu aje ajionee. Wendell akazing'arisha gari zote kwa mkono wake. Yadi ile ndiyo ilikuwa maisha yake, na kampuni ikifunga virago yeye hana kingine cha kuuza.

Asubuhi ya siku ya mgeni akaingia nesi mmoja, Odessa Pruitt, ametoka zamu ya usiku, mkononi ana kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Alimwachia Wendell kikombe amshikie, akalizungusha gari mtaani, akarudi anatabasamu. Alikuwa amelipenda, ilionekana wazi. Akapokea kahawa yake, kisha akaanza kupapasa kando ya kiti.

"Kaka, hii naiweka wapi?"

Wendell alikuwa amelisikia swali hilo kwa miaka, na jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Hili ni gari la kuendesha, mama. Kahawa ina meza yake."

"Mimi kwangu ni mwendo wa saa nzima, na macho yangu unayaona. Nikikaa mezani nalala palepale. Kwani wewe unauza gari au unauza adabu?"

Akamrudishia ufunguo, akaenda zake. Wendell hakusikitika hata kidogo. Alijiambia kwamba mama yule hakuwa na hadhi ya Sorvane, akachukua kitambaa akafuta alama za vidole vyake kwenye usukani.

Muda si mrefu likaingia yadini gari kubwa la Kimarekani, pana kama sebule. Wendell alitoka nje akidhani ni mtu aliyepotea njia. Akashuka Bwana Garrec, mjumbe wa makao makuu, kutoka Paris. Wendell alipigwa na butwaa. Alichungulia ndani ya gari lile la kukodi: katikati ya viti, ndani ya tundu lake, kilikaa kikombe cha karatasi cha kahawa, na makombo ya andazi yalikuwa yamemjaa Mfaransa kwenye tai.

"Nimetoka Detroit nakunywa na kuendesha," alisema Garrec, uso umemwiva kwa furaha. "Kitundu hiki ni kitu cha ajabu. Bwana Hrabak, mbona hamkutuambia?"

Wendell akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani mtatucheka."

"Tungewacheka. Halafu tungekiweka."

Furaha ikamtoka mgeni usoni. Kila mwaka, alisema, waliwauliza wauzaji watu wanakosa nini, na kila mwaka Wendell aliwajibu kwa simu kwamba Wamarekani hawajui kuendesha. Pengine tundu peke yake lisingewaokoa, bei ilikuwa juu na vipuri vilichelewa. Lakini kama jambo dogo namna hiyo walifichwa, wangeyajuaje makubwa?

"Si bado tunaweza kuweka?" Wendell aliuliza. "Kuna mama mmoja ametoka hapa sasa hivi."

"Uamuzi wa kuondoka Marekani ulipita wiki iliyopita, rafiki yangu. Mimi nimekuja kuaga."

Wendell alifunga yadi kabla ya saa sita mchana, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Akaingia kwenye Sorvane yake, na njiani, bila kujua kwa nini, akakata kuelekea kwenye dirisha la mgahawa ambapo watu huuziwa bila kushuka garini. Akapewa kahawa ya moto. Aliinywa kidogo, akaendelea mpaka kwenye taa nyekundu, moyo unamwuma.

Taa ikawa kijani. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye usukani, wa kulia una kikombe, na gia inamngoja. Nyuma yake honi zikaanza kulia. Wendell akageuka huku na huku ndani ya gari alilolipenda maisha yake yote, akitafuta pa kukiweka.