Jani Lililokataa Kugeuka Rangi

Nilipomaliza darasa la saba kule Kumsenga, wilayani Kibondo, nilikuwa naujua usanisinuru. Niliujua kiasi cha kumweleza mama tukiwa shambani kwamba muhogo unajitengenezea chakula kwenye majani, kwa jua, maji na hewa, kisha unakishusha kwenye mizizi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kama muhogo unajipikia wenyewe basi ni vizuri, mimi niendelee kupalilia.

Sekondari nilisoma Kasulu, nikikaa kwa mama mdogo. Tulipofika kidato cha pili, mwalimu wa biolojia aliandika ubaoni neno refu la Kiingereza, akalitamka na sisi tukalitamka: fotosinthesisi. Chini yake akaandika maana yake, nayo kwa Kiingereza. Nikainakili, nikaikariri njiani kwenda na kurudi mpaka nikaweza kuisema kwa pumzi moja. Sikuwa na habari ninasema nini.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa mwenye duka pale mjini, na kwao walizungumza Kiswahili tangu kwa babu zao waliotoka pwani. Siku moja, wiki nyingi baadaye, alitaja tu kama jambo linalojulikana na wote kwamba huo si ndio ule usanisinuru wa shule ya msingi. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Aliponihakikishia nilitaka kulia. Nyumbani tulizungumza Kiha. Kiswahili nilikipata shuleni, nikakihangaikia miaka saba mpaka kikakaa mdomoni, na sasa nilikuwa naambiwa nacho nikiache getini. Jambo nililokuwa nimeliweza lilikuwa limenirudia limevaa nguo nyingine, nikashindwa kulisalimia.

Baada ya hapo nilijipa moyo kwamba nikiona kwa macho nitaelewa, kwa hiyo nilifurahi mwalimu aliposema tutapima kama jani lina wanga, chakula kile linachojitengenezea. Yeye alikuwa kijana, mgeni wa huku, na alifundisha biolojia na kemia madarasa yote peke yake. Maabara haikuwa na gesi, tukawasha jiko la mkaa nje, nyuma ya darasa. Alitutuma wawili, mimi na mwenzangu wa dawati, tukachume majani kabla ya kengele ya kwanza. Tulichemsha jani kwenye maji, kisha kwenye spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, likatoa ukijani wake wote likabaki jeupe kama karatasi. Mwalimu akadondosha ayodini. Alikuwa ametueleza kwamba kama wanga upo, jani litageuka bluu iliyokaribia weusi.

Halikugeuka. Ayodini ilibaki na rangi yake ya kahawia. Akaongeza matone mawili, tukasubiri, na wanafunzi wa nyuma wakaanza kusukumana. Spiriti ilikuwa imekwisha, hatukuweza kurudia na jani lingine. Akatuambia turudi ndani tuandike matokeo: jani limegeuka bluu-nyeusi.

Nikanyoosha mkono. Nilimkumbusha kwamba majani tuliyachuma asubuhi sana, hata jua halijachomoza sawasawa, na siku iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Nikauliza kama haiwezekani jani limekula akiba yake usiku, na jua la kutengeneza nyingine bado halijafika. Nilisema hayo kwa Kiingereza kibovu kilichochanganyika na Kiswahili, darasa likacheka. Mwalimu akasema niandike bluu-nyeusi.

Mimi niliandika kahawia. Daftari lilirudi na sifuri kwenye sehemu ya matokeo, na mwenzangu wa dawati, aliyesimama bega kwa bega na mimi akiliona jani lile lile, alipata zote.

Tukaingia kwenye enzaimu, kemikali zinazoharakisha kazi ndani ya viumbe, kama kugeuza wanga kuwa sukari. Hapo nilikwama kabisa. Alichora kufuli na ufunguo ubaoni, nami nikachora kufuli na ufunguo. Tukaandika kwamba enzaimu inafanya kazi kwenye joto la wastani, na joto likizidi umbo lake linaharibika. Niliuliza kama maana yake inakufa. Akasema hapana, haijawahi kuwa hai, na nisije nikaandika hivyo kwenye mtihani. Sasa kitu kisicho hai kinaharibiwaje na joto mpaka kinaacha kazi? Nilirudi nyumbani na swali hilo likinikera kama jiwe ndani ya kiatu.

Mama mdogo alikuwa akiuza togwa sokoni. Alipika uji mzito, akauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo akatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Jumamosi moja alikwenda kwenye msiba, akaniachia kazi hiyo. Nilikuwa na jaribio la biolojia Jumatatu na daftari lilikuwa mkononi. Sikusubiri uji upoe. Nilitia kimea ukiwa bado unatokota, nikafunika, nikarudi kukariri.

Jumapili sufuria nzima ilikuwa uji mzito usio na utamu wowote. Mama mdogo aliuonja, akaweka kata chini.

"Umekiunguza kimea," alisema.

Nilijitetea kwamba kimea hakikugusa moto, nilikitia sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

"Kimeungulia ndani ya uji. Ungengoja uweze kutia kidole bila kukitoa, kimea kingefanya kazi yake."

Hakunigombeza zaidi, na hilo liliniumiza kuliko kugombezwa, maana wateja wake wangekuja wakamkuta mikono mitupu. Lakini mchana ule nilichota uji mpya kwenye vikombe viwili. Kimoja nikatia kimea kikiwa cha moto sana, kingine nikangoja kiwe vuguvugu. Muda si mrefu cha vuguvugu kilikuwa kimelegea, kinamiminika, na utamu umeanza kuja. Cha moto kilisimama vile vile. Nilikaa jikoni nikivitazama. Kimea kile kilikuwa kimesagwa, hakikuwa hai, na bado kilikuwa na kazi na kilikuwa kimeipoteza. Nilielewa kila mstari wa daftari langu.

Jumatatu swali lilikuja: eleza athari ya joto kwa enzaimu. Niliandika habari ya vikombe viwili, ukurasa mzima. Karatasi ilirudi na mstari mwekundu kuanzia juu mpaka chini.

Nilimfuata mwalimu ofisini. Madaftari yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na kidevu chake. Nilimwuliza kosa langu ni lipi.

Alisoma tena, taratibu. "Hakuna kosa la biolojia hapa," alisema.

"Sasa mbona umekata, mwalimu?"

"Kwa sababu anayekusahihishia mtihani wa taifa hakujui, na togwa yako haiko kwenye mwongozo wake wa kusahihishia. Anatafuta maneno matano. Wewe hukuandika hata moja. Nikikupa alama leo, nitakuwa nimekudanganya."

"Na siku ile ya jani?"

Alikunja karatasi akanirudishia. "Siku ile nilikuwa nimeishiwa spiriti," alisema. Sikupata alama hata moja.

Nikajitahidi kukariri yale maneno matano, na mengine mia. Sikuwahi kuwa hodari wa kukariri kitu ninachokielewa, kila mara nilikuta nimekieleza kwa njia yangu. Kidato cha nne biolojia nilipata D. Mwenzangu alipata B, akaenda kusomea uuguzi, nami nikapangiwa kidato cha tano, tahasusi ya historia. Mama alisherehekea, maana kwake kufaulu ni kufaulu. Sikuwa na namna ya kumweleza kilichokuwa kinanichoma.

Leo nafundisha historia Kibondo. Mwaka juzi, kwenye semina ya walimu Kasulu, nilikutana na mwalimu wangu kwenye foleni ya chakula. Amenenepa, nywele zimeanza mvi. Nilijitambulisha, akafikiri kidogo, akanikumbuka, akauliza nafundisha somo gani. Nikamwambia.

"Mimi nilidhani utakuwa wa biolojia," alisema, na aliisema kwa wema kabisa.

Kwa miaka yote nilikuwa na maneno niliyomwekea. Nilimwambia tu kwamba foleni inasogea, nikapokea sahani yangu, nikaenda kukaa meza nyingine.