Anayebaki Nyumbani

Kazi yangu ofisini ilikuwa kuwauliza watu wanahitaji nini, kisha kuyaandika majibu yao ili mafundi wa kompyuta wajue cha kutengeneza. Mama yangu hakuielewa hata siku moja. "Wanakulipa juu ya kuuliza?" alikuwa akisema, akicheka. Nami nilicheka naye, maana wakati ule bado nilikuwa na moyo wa kucheka.

Baada ya mlima kumwaga moto na kuteketeza vijiji vya kaskazini, shirika lililoniajiri liliamua kutengeneza mfumo wa tahadhari. Mlima ukichafuka, au vita vikisogea, simu ya kila mtu ingepokea ujumbe wa kumwambia akimbie. Nilitumwa Kibati, kwenye barabara ya Rutshuru, kukusanya mahitaji. Mama mmoja muuza maharage alinipa kigoda, akaendelea kuchambua maharage yake huku akinijibu.

Nilimwuliza ujumbe ukifika, nani ataondoka.

"Miye na batoto. Papa yao anabakia."

"Juu ya nini abakie?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini watu hufunga milango. "Weye mutoto wa Goma, unauliza vile? Tukitoka bote, bezi batabeba mabati, milango, yote."

Alikuwa na haki ya kunishangaa. Hata kwetu, kila tulipokimbia, mtu mzima mmoja aliachwa alinde nyumba, na mara nyingi alikuwa baba. Waliotoka wote katika vita vya nyuma walirudi wakakuta wezi wamewaachia kuta tupu. Basi siku hizi hakuna anayejadili: mwanamume anakaa, wengine wanafunga virago.

"Na telefone?"

"Iko moja tu. Miye njo naendaka nayo, juu tutafute ndugu kwenye tutafikia."

Nikaacha kuandika. Kila ujumbe tuliopanga kutuma ungeondoka na huyu mama, na anayebaki asingesikia lolote. Nikamwuliza angependa tufanye nini.

"Mutu wa hapa apite na filimbi, amwambie: sasa na weye toka. Mutu akimwambia, atasikia."

Nililiandika hitaji hilo la kwanza kabisa, juu ya mengine yote: anayebaki hana simu, apelekewe habari kwa mdomo na mtu wa mtaa wake.

Mkuu wa mradi alilisoma mkutanoni akitikisa kichwa taratibu. Utaratibu, alisema, unataka kila mtu aondoke. Tukiandika kwamba kuna anayebaki, ni kama tumemruhusu. Nikamwambia atabaki, tumruhusu tusimruhusu. Akatabasamu, akasema jambo hilo liko nje ya mradi, tuendelee. Nilikasirika. Nililirudia kwenye mikutano iliyofuata, mpaka wenzangu wakanibandika jina la Mama Filimbi. Walidhani ni utani mtamu. Mpaka leo nalichukia jina hilo.

Mfumo ukakamilika bila filimbi.

Kisha waasi wakashuka kutoka upande wa Rutshuru. Ujumbe ulitoka, na kweli ulifika kwenye simu zote. Ofisini watu walipigiana makofi. Vita vilipotulia kidogo nilitumwa Ndosho, mtaa wa Goma ambako wakimbizi walikuwa wamejazana katika madarasa ya shule, niwaulize kama ujumbe uliwafikia kwa wakati. Katika darasa moja nilimkuta yule mama wa Kibati, ameketi kwenye mkeka na wanawe. Niliacha maswali ya ofisi, nikamwulizia mume wake.

Bomu lilikuwa limeanguka kwenye kiwanja chao. Jirani mmoja aliyekimbia nyuma ya wengine alimkuta karibu na mlango, akamzika pale pale, akashika njia.

Mama akatoa simu akanionyesha. Ujumbe wa kwanza ulimwambia aondoke, naye akaondoka na watoto. Wa pili ulimkuta tayari yuko Ndosho, juu ya mkeka huo huo: waliobaki Kibati watoke mara moja, barabara ya mjini bado iko wazi.

"Ilifika," alisema. "Nilisoma. Nilikimbia mpaka ku barabara, baaskari bakanirudisha. Basi nikabakia na telefone mu mukono, sijue nimwambie nani."

Sisi wa kazi hii tuna swali la kufungia mahojiano: kuna jambo nililosahau kukuuliza? Lilinitoka mdomoni kwa mazoea, kabla sijalizuia. Niliona aibu, nikatamani anitukane, anifukuze. Alimfunika mtoto miguu kwa kitenge, akanijibu bila hasira yoyote.

"Hapana, mutoto yangu. Uliuliza yote. Na miye nilikujibu."