Matofali Yaliyoiva Nusu

Mimi na baridi ya Julai hatujawahi kupatana. Wageni kutoka Nairobi huja Machakos mwezi huo, wakautazama ukungu uliolalia vilima vya Iveti, wakasema, "Aki huku ni kuzuri!" Mimi huwatazama tu. Ukungu huo nusura uninyang'anye mama.

Mji wetu uko bondeni. Januari kulikuwa na upepo, na moshi wa kupikia ulipanda ukaenda zake. Septemba vumbi jekundu lilitukohoza, lakini lilipita. Julai ilikuwa mambo mengine. Hewa baridi ilitulalia kama mfuniko wa sufuria, na moshi wote, wa makaa, wa takataka za sokoni, wa matanuri ya matofali, ulibaki chini usawa wa madirisha. Tulienda shule na sare zinazonuka moshi. Hata hivyo, leo nikinusa moshi wa kuni asubuhi ya baridi, natamani nyumbani hadi machozi yananilengalenga.

Mama alikuwa na pumu. Alipikia katika kijumba cha mabati kisicho na dirisha, na daktari alimwambia kifua hakitapona humo. Ndipo baba, mtu asiyejua maneno matamu hata kidogo, akaamua kumjengea jikoni kwa matofali, yenye madirisha makubwa.

Kwetu mtu hachomi matofali peke yake. Kuna mwethya, kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Zamu yetu ilifika Julai. Kuiacha kungekuwa kungoja hadi izunguke upya, na mvua za Oktoba zilikuwa njiani. Wanawake wakateka maji, wanaume wakapanga matofali, wakaukandika mlima ule wa matofali kwa tope, wakawasha magogo. Kulikuwa na masufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na nyimbo, na mama aliimba kuliko wote. Tanuri likishawashwa halizimwi mpaka matofali yaive. Hilo hata sisi watoto tulilijua.

Hakuna aliyefikiria moshi ungeelekea wapi.

Asubuhi iliyofuata ulikuwa umeshuka na kuingia hadi chumbani. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, midomo imepauka, akiivuta kila pumzi kwa mlio. Dawa yake haikufua dafu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Baba alimtazama, akatoka nje bila viatu, akachukua jembe na kuanza kuyakokota magogo yanayowaka kutoka kwenye midomo ya tanuri.

"Mzee, ukizima saa hii, hizi matofali zote zitabaki udongo!" mwenyekiti wa mwethya, mama mmoja mkali, alimfokea. "Tumefanya kazi ya bure?"

"Wacha zibaki udongo," baba akasema. "Bibi yangu hana pumzi."

Mwenyekiti akajitwika mtungi wa maji, akaenda kuumwagia moto mwenyewe.

Mama tulimpeleka kwa dada yake mlimani, upande wa Kathiani, juu ya ukungu, ambako jua lilikuwa linawaka. Alikaa huko hadi baridi ikaisha. Aliporudi, baba alikuwa amejenga jikoni kwa matofali yaleyale, nusu mekundu, nusu meusi. Kila mvua iliponyesha ukuta ulimomonyoka, na baba akaukandika upya. Majirani walituita watu wa jikoni ya biskuti.

Baba alipofariki, mimi nilikuwa nimeshaanza kazi. Nilileta fundi na mawe ya kujengea kutoka Mlolongo, nikijiona mtoto mwema. Nikamkuta mama amepiga magoti ukutani, tope hadi viwikoni.

"Mwaitu, mama yangu, wacha fundi abomoe," nikasema.

"Hakuna kubomoa." Hakugeuka. "Kila mwanamke hapa ako na jikoni ya matofali iliiva. Ni mimi tu niko na ile ilizimwa."

Nikamwambia fundi aende. Nikavua viatu, nikachanganya tope.