Golikipa Ambaye Hakuwepo

Mwaka wangu wa pili wa kusomea unesi, pale hospitalini Harborne, nilikabidhiwa mzee Mmarekani aliyepatwa na kiharusi. Alikuja Uingereza na jeshi wakati wa vita, akaoa huku, akabaki. Sasa ilikuwa wiki ya tatu hajatamka neno. Daktari alisema asipozungumza kufikia Ijumaa atapelekwa nyumba ya wazee, maana mkewe, naye mgonjwa wa miguu, asingemweza mtu asiyeweza hata kuita. Mama yule alilia mbele yangu. Nikasema moyoni, huyu haendi popote ila kwake Northfield.

Mkewe alileta daftari la vipande vya magazeti: historia ya timu ya mpira ya mji wake kule Marekani. Nikawa namsomea kila asubuhi nikimwosha. Wapi. Aliangalia dari tu.

Jumatano nikafika pale timu ilipotwaa ubingwa wa kwanza. Kwangu mimi mpira ni mpira, nimekulia Kakamega. Nikamwambia, "Lazima golikipa wenu alikuwa hodari, mzee."

Uso ukamwiva. Mdomo ukahangaika, kisha: "Hakuna... golikipa."

Nusura niangushe beseni. Sikujua kwamba mpira wa kwao hubebwa mikononi, wala hakuna wa kulinda goli. Kumbe dawa ya moto ni moto. Tangu hapo nikaikoroga historia ile bila huruma. Waanzilishi walikuwa vibarua wa kiwanda cha chuma. Nikasema walikuwa mapadri. Tajiri mwenye timu aliihamishia mji mwingine, watu wakabaki na uwanja mtupu. Nikasema walifurahi ilipoondoka. Hilo lilimtoa sentensi nzima, na machozi. Sista wa wodi akaniuliza mbona namchokoza mgonjwa. Nikamjibu kwa adabu kwamba namtibu.

Ijumaa daktari akamuuliza jina lake. Kimya. Anakaa wapi. Kimya. Daktari akaanza kuandika. Mwanafunzi hakuruhusiwa kufungua mdomo mbele ya daktari, lakini niliufungua.

"Daktari, timu yake haijawahi kushinda kombe hata moja."

Mzee akanigeukia. Akayataja yote, moja moja, akikwamakwama, akamalizia na uwanja mtupu. Daktari akayafuta yale aliyoandika.

Jumatatu nilimsukuma mpaka kwenye gari, mkewe akingoja ndani. Nikamfunika blanketi miguuni, nikamsimulia historia ya timu yake sawasawa, tangu wale vibarua wa chuma, bila kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwongo wewe," akasema. Hakukwama hata kidogo.